Nani anamaliza neti ya ploti? Pima kwanza ndipo umnyooshee mtu kidole

Saa mbili usiku ndiyo saa ya malalamiko katika ploti yetu hapa Migosi, Kisumu. Watu wamerudi kutoka kazini, ugali uko mezani, na simu zote ziko kwenye waifai. Grupu ya WhatsApp inawaka: "Neti imekufa tena." "Nani anatumalizia neti?" "Si ni yule wa namba 9 na magemu yake!" Tuko nyumba 12 kwenye laini moja ya faiba, Mbps 30 kushuka (kupakua) na Mbps 10 kupanda (kutuma). Kila nyumba inachanga shilingi 350 kwa mwezi, na ruta pamoja na ufunguo wa kabati lake nimekabidhiwa mimi.

Kwa sababu ya kelele hizo nilimkatia kijana wa namba 9 kwa siku mbili bila kupima chochote. Neti iliendelea kufa saa ile ile. Nilimrudishia, nikamwomba radhi kwenye grupu ile ile aliyosingiziwa, na tangu hapo simgusi mpangaji yeyote kabla sijaona namba kwa macho yangu. Utaratibu ninaoufuata ndio huu. Unafaa ploti, hosteli ya wanafunzi kule Maseno au Njoro, saiba, ofisi ndogo, hata kanisa lenye waifai ya waumini. Sehemu yake kubwa haihitaji kifaa cha kununua.

Hatua ya 1: Jua kwanza kama shida iko ndani au nje

Chukua laptopu na waya wa neti. Amka alfajiri watu wamelala, chomoa nyaya zote za neti kwenye kisanduku cha faiba (usiguse ule wa faiba wala wa umeme), zima waifai yake, kisha chomeka laptopu moja kwa moja na upime kasi. Andika matokeo ya kushuka na ya kupanda, yote mawili. Watu wengi huandika la kushuka tu, na utaona mbele kwamba hapo ndipo sisi tulipopotea.

Ukiwa peke yako ukapata Mbps 27 au 28 kati ya 30, laini ni nzima. Ukiwa peke yako ukapata 6, piga simu kwa kampuni inayokuuzia neti. Hakuna jirani wa kulaumiwa. Na kuna siku shida iko mbali zaidi, baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja na intaneti ikawa nzito Kenya nzima. Siku kama hiyo unaweza kugombana na ploti yote na usipate kitu.

Tahadhari moja kuhusu namba. Kampuni inauza megabiti, lakini kompyuta yako inapopakua faili huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Laini ya Mbps 30 ikifanya kazi vizuri kabisa itakuonyesha MB 3.75 kwa sekunde, na filamu ya GB 4 itachukua kama dakika 18. Mpangaji akija analalamika kwamba "tumelipia 30 na napata 3", mwonyeshe hesabu hiyo kwanza.

Sasa rudisha nyaya zako na ungoje jioni, saa ile ya kilio. Fungua madirisha mawili ya amri kwenye laptopu. Moja liulize ruta yenyewe, lingine liulize mtandao wa nje. Kwenye Windows tumia amri ya ping, inayopima jibu linachukua muda gani kurudi (8.8.8.8 ni seva ya Google huko nje):

ping -t 192.168.88.1
ping -t 8.8.8.8

Anwani ya kwanza weka ya ruta yako. Ruta za MikroTik huja na 192.168.88.1, TP-Link na Tenda nyingi hutumia 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na visanduku vingi vya Huawei hutumia 192.168.100.1. Ukiwa hujui, andika "ipconfig" na utafute mstari wa "Default Gateway".

Ruta ikijibu kwa milisekunde 1 hadi 5 huku 8.8.8.8 ikiruka kutoka ishirini na kitu hadi 700 au 800, bomba limejaa. Ikiwa ruta yenyewe, iliyo hapo chini ya ngazi, inajibu kwa 200 ukiwa kwenye waifai lakini kwa 1 ukiwa kwenye waya, shida ni waifai: kuta nene, au chaneli imebanwa na waifai za ploti jirani. Kwa 2.4 GHz, chagua kati ya chaneli 1, 6 na 11 ile yenye majirani wachache, kisha upime tena. Usiendelee na hatua zinazofuata mpaka umeondoa hilo.

Hatua ya 2: Andika daftari la vifaa

Ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa kivinjari na utafute orodha ya vifaa vilivyoungwa. Kwenye MikroTik iko "IP", kisha "DHCP Server", kisha "Leases". Kwenye ruta nyingine huitwa "Connected Devices" au "Client List". Kama ruta yako haionyeshi orodha nzuri, programu ya Fing kwenye simu itakuhesabia vifaa vyote kwa dakika moja.

Mara ya kwanza nilipohesabu yetu nilikuta vifaa 53 kwa nyumba 12. Nilikuwa nimekadiria 30. Televisheni, dekoda, kamera za lango, simu mbilimbili kwa mtu mmoja, laptopu za kazi, kitableti cha mtoto. Kila kifaa kina anwani ya IP, kama 192.168.88.37, na anwani ya MAC, ile ya jozi sita za tarakimu na herufi. Jozi tatu za kwanza hutaja kiwanda kilichotengeneza kifaa, na kuna kurasa za intaneti za kutafuta kiwanda hicho. Ukiona ni kampuni ya kamera, unajua ni kamera.

Kwa simu za siku hizi ujanja huo mara nyingi hauna nguvu. Kuanzia Android 10 na iOS 14, simu hubuni anwani ya MAC ya bahati nasibu kwa kila mtandao inaoungwa nao. Utaitambua kwa herufi ya pili: ikiwa 2, 6, A au E, hiyo ni ya kubuni, usipoteze muda kutafuta kiwanda. Habari njema ni kwamba kwa kawaida simu hubaki na anwani ile ile kwa mtandao ule ule, kwa hiyo ukishajua ni ya nani unaweza kuiandika: "N4, simu ya mama", "N9, laptopu". Vifaa vinavyokaa mahali pamoja andika siku hiyo hiyo. Simu utazijaza kidogo kidogo.

Nyumba yenye ruta yake ndogo iliyochomekwa kwa waya itaonekana kama kifaa kimoja, hata kama ndani kuna simu nane. Hilo ni zuri kwako: anwani moja, mlango mmoja.

Hatua ya 3: Kama huna ruta ya maana, gawa nusu kwa nusu

Visanduku vingi vinavyokuja na faiba vinaonyesha nani ameungwa lakini havisemi anatumia kiasi gani. Usikate tamaa. Kama nyumba zimeunganishwa kwa waya kwenye swichi, kile kisanduku chenye milango mingi ya kuchomekea nyaya za neti, simama mbele yake saa ya kilio na utazame taa. Mlango unaopitisha mzigo mzito humemeteka bila kupumzika hadi taa inaonekana kama imewaka moja kwa moja. Mlango wa mtu anayesoma meseji unapepesa na kutulia. Si ushahidi wa kutosha, lakini unajua pa kuanzia.

Kisha tangaza kwenye grupu: "Majirani, kwa dakika tano nitakata neti baadhi ya nyumba kutafuta shida. Mvumilie." Usikate bila kusema, kuna mtu yuko kwenye usaili wa kazi, kuna mtu anazungumza na mgonjwa. Acha ile ping ya 8.8.8.8 ikiendelea. Chomoa nyaya za nyumba sita, ungoje sekunde 20. Ping ikishuka kutoka 700 hadi 25, mzigo uko katika hizo sita. Zirudishe, chomoa tatu kati yake. Kwa nyumba 12 hutazidi mara nne kabla ya kufika kwenye mlango mmoja. Fanya mara mbili, siku mbili tofauti, kabla ya kuamini.

Njia hii niliitumia hosteli moja kule Kakamega ambako hapakuwa na chochote ila swichi ya milango 16 na kisanduku cha kampuni, na ilitupeleka kwa kompyuta ya ofisi ya hosteli yenyewe.

Hatua ya 4: Tazama mzigo ukipita

Ukiwa na ruta ya MikroTik, hata ile ndogo ya nyumbani, kila kitu kiko ndani yake tayari. Fungua Winbox, programu ya kusimamia ruta ya MikroTik kutoka kwenye kompyuta, nenda "Tools", kisha "Torch". Kwenye "Interface" chagua ule upande wa wapangaji, kwa kawaida "bridge". Watu wengi huchagua upande wa kampuni na kuona anwani moja tu ikitumia kila kitu. Hiyo ni kwa sababu ruta hubadilisha anwani zote za ndani kuwa moja ya nje kabla ya kuzitoa. Ukitazama upande wa nje, wapangaji wote wamevaa shati moja.

Weka tiki kwenye "Src. Address" na uondoe nyingine. Kama kampuni yenu inatoa IPv6 (aina mpya ya anwani za intaneti), weka pia "Src. Address6", la sivyo nusu ya mzigo itakupita. Bonyeza "Start", kisha bonyeza kichwa cha safu ili mkubwa apande juu. Ukiwa upande wa wapangaji, "Tx Rate" ni kile ruta inachompelekea mpangaji, yaani kushuka. "Rx Rate" ni kile inachopokea kutoka kwake, yaani kupanda.

Jioni niliyopima hivi kwenye ploti yetu, saa mbili na dakika kumi, mistari miwili niliyoitafuta ilikuwa hivi. Anwani ya kijana wa namba 9, ambaye wakati huo huo alikuwa akicheza gemu lake: kbps 180 kushuka, kbps 90 kupanda. Haifiki hata Mbps 1. Gemu la mtandaoni linataka jibu la haraka, halitaki mzigo mkubwa. Kinachokula neti ni siku ya kupakua gemu jipya au toleo jipya, na hiyo ni jambo la mara moja moja. Na juu kabisa ya orodha, 192.168.88.37: kbps 310 kushuka, Mbps 9.4 kupanda.

Nilikaa pale kwenye ngazi nikiitazama dakika ishirini. Haikushuka.

Wenye ruta zinazotumia OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta, wasakinishe "nlbwmon" pamoja na ukurasa wake wa LuCI. Hiyo haionyeshi sekunde hii tu. Inaweka hesabu ya kila kifaa kwa siku na kwa mwezi, na kwa ugomvi wa "nani alitumia sana mwezi uliopita" ni bora kuliko Torch. Ruta za kawaida za dukani pia zina ukurasa wa takwimu mara nyingine. Utafute "Traffic Statistics" au "QoS".

Vijana huniuliza kama Wireshark, programu ya kunasa mzigo wa mtandao, kwenye laptopu inaweza kuonyesha mzigo wa ploti yote. Haiwezi, katika hali ya kawaida. Swichi hukupelekea mzigo wako tu, kwa hiyo utajiona mwenyewe. Pa kupimia ni pale ambapo wote wanapita, yaani kwenye ruta.

Hatua ya 5: Usome mwelekeo, maana kupanda ndiko kunakoua

Hapa naomba usome polepole. Jioni ile kushuka kwetu kote kulikuwa Mbps 11 kati ya 30. Bomba la kushuka lilikuwa wazi zaidi ya nusu, na bado hakuna aliyeweza kufungua ukurasa. Inakuwaje?

Kila kifaa kinapopokea data, hutuma juu risiti ndogo ya kusema "nimepata". Upande wa pili hauendelei kutuma bila risiti hizo. Ni kama muuza duka anayengoja meseji ya M-Pesa iingie ndipo akupe mzigo. Pesa umetuma, unga uko kaunta, foleni haiko, lakini meseji imekwama njiani, na wewe unasimama. Simu moja ikijaza ile Mbps 10 ya kupanda, risiti za nyumba zote 12 zinapanga foleni nyuma yake. Kisanduku cha faiba kina kumbukumbu ya kuhifadhi foleni hiyo, na badala ya kukataa mzigo uliozidi kinaupokea na kuusubirisha. Ndiyo maana ping inapanda hadi 800 na hakuna kinachokatika: kila kitu kinafika, kimechelewa.

Watu wanatafuta anayetazama filamu. Filamu ya ubora wa 1080p inataka kama Mbps 5 kushuka, kwa hiyo laini ya 30 inabeba nyumba tano au sita zinazotazama kwa pamoja. Ya 4K ndiyo kubwa, Mbps 15 hadi 20. Mbili zikikutana, laini yetu imejaa, na hilo hutokea wikendi. Lakini kilio cha kila siku, saa ile ile, huku kushuka kukiwa wazi, nimekikuta karibu kila mara kwenye kupanda: kamera ya lango inayopeleka picha nje saa 24, simu inayohifadhi video, kompyuta ya ofisi inayopeleka mafaili ya siku. Ile ya hosteli ya Kakamega ilikuwa hivyo hivyo.

Hatua ya 6: Kutoka anwani hadi mlango, kwa heshima

Anwani 37 haikuwa na jina kwenye "Leases", na MAC yake ilianza na 7E. Herufi ya pili ni E, kwa hiyo ni simu yenye MAC ya kubuni. Ilikuwa kwenye antena ya ghorofa ya pili, jambo lililoniachia nyumba nne. Ningeweza kuikata na kungoja nani atapiga kelele. Nilishafanya hivyo mara moja na nilimwonea mtu. Niliandika kwenye grupu:

"Majirani wapendwa, kuna simu moja inayotuma data nyingi jioni, labda hata mwenyewe hajui. Naomba kila mmoja afungue mipangilio ya waifai, abonyeze alama iliyo kando ya jina la mtandao wetu, aangalie anwani ya IP. Anayeona imeishia na 37 anitumie meseji yangu binafsi. Hakuna kosa alilofanya."

Dakika tano baadaye ikaja meseji ya mama wa namba 6, anayeuza mitumba soko la Kibuye. Nilipanda nikabisha hodi.

"Karibu, fundi. Ni mimi ndiye namaliza neti ya watu?"

"Si wewe, mama, ni simu yako inafanya kazi peke yake. Naomba tuiangalie pamoja, uishike wewe."

Aliishika yeye, mimi nikamwelekeza. Kila siku anapiga video za nguo mpya kwa ajili ya wateja wake wa WhatsApp, kama nusu saa kwa jumla, kwa 1080p. Kwa simu yake dakika moja ni kama MB 130, kwa hiyo nusu saa inakaribia GB 4. Akifika nyumbani saa mbili, simu inashika waifai, na Google Photos inaanza kupandisha zote kwa ubora kamili. Kwa Mbps 9.4, GB 4 ni kama saa nzima. Saa ya kilio imepatikana.

"Sasa niizime?" akauliza. "Mwaka jana niliibiwa simu stendi, picha za marehemu mama yangu zikaenda zote. Mtoto wa dada ndiye aliniwekea hii."

Haikuzimwa. Kitu kama hicho hakizimwi ili mtu mwingine atazame mpira. Tulishusha kamera yake hadi 720p kwa video za biashara, maana WhatsApp huzibana hata hivyo, na kazi iliyobaki ikawa yangu kwenye ruta.

Jambo moja la lazima hapa. Angalia kiasi, usiangalie kilichomo. Torch ukiiongezea tiki itakuonyesha pia mpangaji anaongea na anwani gani za nje. Hicho si chako kukitafuta. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inaharamisha kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za watu hata mikononi mwa msimamizi wa neti ya ploti. Daftari lako lenye namba za nyumba na vifaa usilipige picha na kulituma kwenye grupu. Mpangaji mpya akiingia mwambie mapema kwamba mnapima kiasi cha matumizi ya kila kifaa.

Hatua ya 7: Ndani ya kifaa

Ukishafika kwa mwenye kifaa na amekubali, tafuta programu husika. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nenda "Performance", fungua "Resource Monitor", kisha "Network": utaona kila programu na baiti zake za kutuma na kupokea. Nenda pia kwenye mipangilio ya Windows Update, "Delivery Optimization". Hapo kompyuta inaweza kuwa imeruhusiwa kuwapelekea watu wengine wa intaneti masasisho iliyoyapakua. Weka ya mtandao wa ndani tu au uzime. Kwenye Linux, "sudo nethogs" inatosha. Simu za Android zinaonyesha matumizi ya waifai ya kila programu kwenye mipangilio ya mtandao.

Kamera za lango zinataka jicho la pekee. Kamera moja ya 1080p inayopeleka picha nje mfululizo hula Mbps 2 hadi 4 za kupanda, mchana na usiku. Nne zikiwa hivyo, laini ya kupanda ya 10 imekwisha kabla mpangaji hajawasha simu. Ziwekwe zirekodi kwenye mashine ya hapo hapo ndani, na zipeleke nje pale tu kitu kinaposogea.

Hatua ya 8: Panga foleni ya haki

Kumtafuta mtu kila jioni si maisha. Ruta inaweza kugawa. Kwenye MikroTik, kwanza nenda "IP", "Firewall", "Filter Rules" na uzime kanuni ya "fasttrack", kwa sababu mzigo unaopita hapo huruka foleni za "Simple Queues". Wengi huweka foleni, hawazimi hii, kisha wanasema foleni hazifanyi kazi. Ruta ndogo itachoka kidogo zaidi, lakini kwa laini ya 30 haina shida.

Kisha "Queues", "Simple Queues", ongeza moja. "Target" iwe 192.168.88.0/24, yaani anwani zote za ndani za ploti. "Max Limit" weka chini kidogo ya laini yako halisi uliyopima alfajiri: mimi niliweka 9M kupanda na 27M kushuka. Usiweke 10 na 30. Ukiweka sawa na laini, foleni itaendelea kujengeka kwenye kisanduku cha kampuni ambako huna amri nayo. Ukipunguza, inajengeka kwako. Kwenye "Queue Type" chagua "pcq-upload-default" kwa kupanda na "pcq-download-default" kwa kushuka. Maana yake, anayetumia peke yake anapata yote, na wakiwa sita wanagawana sawa. Wenye RouterOS 7 (toleo la 7 la mfumo wa MikroTik) wajaribu CAKE, aina nyingine ya foleni, ambayo pia husaidia mtu asijizibe mwenyewe kwa simu yake. Kwenye OpenWrt kazi hiyo hiyo hufanywa na kifurushi cha SQM.

Siku niliyoiweka nilimwomba mama wa namba 6 apige video kama kawaida. Saa mbili na robo, simu yake ilikuwa ikipandisha kwa Mbps 3 na kitu, polepole na bila kukatika, na ping ya 8.8.8.8 ilikuwa 34. Kufikia saa nne kasoro video zake zote zilikuwa zimepanda, na hakuna aliyejua.

Badilisha nenosiri la waifai kila mpangaji anapohama. Waliohamia ploti ya pili wanaendelea kushika mawimbi yetu. Halafu acha ping ikiendelea jioni nzima kwa siku tatu. Ikibaki chini ya 60 kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, kazi imeisha. Ikiruka tena, fungua Torch dakika hiyo hiyo inaporuka, usingoje asubuhi, maana asubuhi mzigo umeshapita na hutaona kitu.